Kamera ya Sita

Nimefundisha miaka ishirini na miwili. Kwa miaka kumi na minane ya mwanzo sikuwahi kuwaogopa wanafunzi. Mimi ndiye niliyeogopwa, na nilipenda hivyo. Mwaka wa kumi na tisa nikajifunza kwamba watoto sita wa darasa la sita wakiinamisha vichwa na kuandika kimya, mtu mzima anaweza kuomba ardhi ipasuke immeze. Nasimulia kwa sababu niliagizwa nisimulie, na aliyeniagiza ni mtu ambaye siwezi tena kumkatalia kitu.

Shule yetu iko juu milimani, upande wa Miaoli. Mwaka ule ilikuwa na wanafunzi thelathini na mmoja, na darasa langu la sita lilikuwa na sita tu. Shule ndogo kiasi hicho isipokuwa na jambo lake la kujivunia, wakubwa wa elimu huanza kuiangalia kwa jicho la kuifunga. Shule ya ng'ambo ya mto ina kikundi cha ngoma. Sisi tulikuwa na kamera.

Zenyewe ni visanduku vya rangi ya majani makavu, kila kimoja ukubwa wa nusu mkate. Unaifunga kwenye mti kwa mkanda, unaondoka. Kitu chochote chenye joto kikipita mbele yake, inaamka, inarekodi nusu dakika, inalala tena. Tulikuwa na tano nzima, na ya sita niliyokuwa nimeitangaza maiti kwa sababu kifuniko cha betri zake kilivunjika. Kila Jumatatu asubuhi watoto walipanda msituni kuleta kadi, kisha tukaketi mbele ya ukuta mweupe kutazama nani kapita: kindi, kwale, paa, nguruwe mwitu na familia yake, fungo mwenye sikio lililochanika, na siku moja kakakuona, aliyetufanya tusahau kengele ya chakula.

Kwa kila mnyama mtoto alijaza karatasi yenye sehemu nne: aina, utambulisho, saa na tabia. Utambulisho ni pale tunapomjua mnyama mwenyewe, kwa mfano mbwa wa dukani au yule fungo wa sikio. Na kanuni ilikuwa moja, niliyoipenda kama mtu anavyopenda sauti yake bafuni: andika ulichokiona, usiandike unachofikiri. Usiandike kwamba fungo ana hasira. Andika kwamba amesimamisha manyoya. Siku moja Bokai, mcheshi wa darasa, aliandika kwamba nguruwe anatafuta mke.

"Umemwona huyo mke?" nikamuuliza.

"Hapana, Mwalimu."

"Basi unamsingizia mnyama wa watu. Futa."

Wakacheka, naye akafuta. Nayakumbuka maneno hayo vizuri kuliko ninavyotaka.

Aliyeishika kanuni kuliko wote alikuwa Pinyu, msichana mwembamba aliyeandika polepole na kufuta kidogo. Aliishi na bibi yake, Bibi Chung, na Bibi Chung ndiye alikuwa mtunzaji wa hekalu dogo la Babu wa Ardhi, mungu mlinzi wa eneo letu, lililo kwenye njia ya kupandia msituni. Kwa miaka thelathini na minne alifagia pale asubuhi na jioni, akawasha udi, akafuta vumbi usoni kwa Babu kwa kitambaa alichokifua mwenyewe. Alirithi ufagio ule kutoka kwa mama mkwe wake, na kila mtu alijua kwamba unaweza kumuudhi Bibi Chung kwa lolote, lakini usiguse ufagio.

Chini ya madhabahu ya Babu kuna sanamu ndogo ya chui wake mwenye milia. Tarehe mbili na kumi na sita za mwezi wetu mwandamo watu humletea Babu kuku wa kuchemsha na machungwa. Bibi Chung aliongeza yai bichi na kipande cha nyama mbichi kwa ajili ya chui, kwa sababu chui, alivyosema, hajawahi kuomba kupikiwa. Udi ukishaisha, mtu huchukua vitu vyake akaenda kula nyumbani. Hakuna anayeacha nyama pale. Huo ndio utaratibu, na hata watoto wa chekechea wanaujua.

Sasa niseme kuhusu kiburi changu. Katika milima yetu yupo shihu, paka mwitu mwenye madoa, mdogo kuliko mbwa na adimu kuliko mvua ya Desemba. Kila shule yenye kamera inamtafuta yeye. Kwa miaka miwili hatukumpata. Shule ya bonde la pili ilimpata mwezi wa kwanza tu, na katika kikao cha walimu mwalimu wao, Lo, akaniuliza mbele ya watu kama wanyama wa kwetu wamehama. Watu wakacheka. Nami nikajibu kwamba wa kwetu ataonekana mwezi wa nne, siku ya maonyesho ya shule zote mjini, na waje wamtazame vizuri. Mdomo uliponza kichwa. Nilirudi nyumbani nikiwa nimeahidi mnyama ambaye sijawahi kumwona.

Nilinunua shingo za kuku mjini, kwenye soko ambalo halina mzazi wa mwanafunzi wangu hata mmoja. Kila Jumatano na Jumamosi jioni nilipanda hadi kamera ya tatu, mita arobaini chini ya hekalu. Nilikuja kwa nyuma yake, nikaizima, nikaweka shingo nyuma ya jiwe, nikaiwasha, nikashuka. Mke wangu aliuliza kwa nini gari linanuka kama bucha. Nikamwambia ni somo la sayansi.

Wiki ya tatu alikuja. Jumatatu ile Pinyu alipofungua kipande cha kumi na moja, ukuta wote ukajaa madoa. Masikio ya mviringo, michirizi miwili myeupe juu ya macho, akanusa jiwe, akachukua kitu, akakaa akala bila haraka. Darasa lilipiga kelele hadi mkuu wetu wa shule, Mkuu Hsu, akaja mbio akidhani mtu ameangukiwa na kabati. Alipoona akakaa kwenye kiti cha mtoto na kujifuta macho. Mimi pia nilifurahi, na hilo ndilo baya lenyewe: nilifurahi kweli, kana kwamba sikujua.

Wakatazama tena, wakajaza karatasi. Pinyu akanyoosha mkono.

"Mwalimu, hiyo shingo imekatwa kwa kisu. Ona mwisho wake, umenyooka."

Watu wote wakasogea ukutani. Kweli ulikuwa umenyooka.

"Si bibi yako huyo," Bokai akasema. "Anamlisha chui wa Babu, chui mwenyewe kashuka kula."

Walicheka wote isipokuwa Pinyu. Akanigeukia mimi, maana mwalimu ndiye wa kusema hapana. Angeweza kunisubiri hadi jioni. Nami nilikuwa na neno hapana kinywani, lakini lingefuatwa na swali la pili: kama si yeye, nani? Nikasema, "Inawezekana." Neno moja. Kwa kanuni yangu mwenyewe, nilikuwa nimemsingizia mtu.

Mjini tulipata nafasi ya kwanza. Pinyu alieleza tabia ya shihu mbele ya ukumbi mzima, na Lo akaja kunipa mkono. Mkono wake ulikuwa wa moto na wa kweli. Wangu sijui ulikuwaje.

Mwezi wa tano shihu akaingia kwenye banda la Mzee Fan, jirani wa shule, akaua kuku kumi na mmoja. Wiki iliyofuata akaua kwa watu wawili wengine. Nilimjua mwizi, nilimjua na aliyemfundisha wizi. Mnyama aliyekula panya na ndege maisha yake yote nilimwonjesha kuku mara mbili kwa wiki kwa miezi miwili, halafu nikaacha siku moja ghafla, kwa sababu kombe lilikuwa tayari kabatini. Alienda kutafuta alichozoeshwa.

Bokai alikuwa ameshasimulia kwao utani wa darasani, na utani ukifika kwa watu wenye mabanda matupu huacha kuwa utani. Kamati ya hekalu, wazee watano, ikakutana sebuleni kwa Mzee Fan. Na mimi niliitwa. Niliitwa kama mtaalamu, nikapewa kiti cha mbele na chai ya kwanza.

Bibi Chung alikaa karibu na mlango, kikapu mapajani. Alisema kwa utulivu kwamba kila tarehe anaweka, na kila tarehe anachukua, hajawahi kuacha hata ganda la yai. Mzee Fan akasema kwamba hakuna anayemlaumu kwa ubaya, lakini mtu wa miaka sabini na minane husahau, hata yeye Fan hutafuta miwani akiwa ameivaa. Kisha wakanigeukia. Je, shihu akipata nyama mbichi karibu na hekalu, anaweza kuzoea kuku? Nikasema ndiyo, hiyo ni sayansi. Je, nyama ile ni ya Bibi Chung?

Nikasema, "Inawezekana."

Mara ya pili ilikuwa rahisi kuliko ya kwanza. Hilo pia naona aibu kulisema.

Bibi Chung alinigeukia. Hakukasirika. Laiti angekasirika.

"Kama Mwalimu anasema inawezekana," akasema, "basi labda nasahau. Mwalimu amesoma. Mimi nitajuaje ninachosahau?"

Akainuka, akatoa kwenye kikapu ufunguo wa kabati la udi, akauweka mezani mbele ya Mzee Fan. Ufagio, akasema, uko nyuma ya mlango wa hekalu, upande wa kushoto, na usiachwe kwenye mvua. Kazi akapewa mke wa Fan. Mimi nilimaliza chai yangu, maana kikombe kilikuwa mkononi na sikujua pa kukiweka.

Yaliyofuata niliyapata kwa Pinyu, kidogo kidogo, bila kuuliza. Bibi ameanza kuandika vikaratasi. Bibi ameandika jikoni "nimezima gesi" na bado anaamka kwenda kutazama. Bibi anahesabu mayai asubuhi na jioni. Bibi alimwita kwa jina la mama yake, akajishika mdomo, akakaa chini akalia, ingawa amekuwa akichanganya majina hayo tangu Pinyu azaliwe, kama bibi yeyote. Pinyu alinieleza haya akiwa anafuta ubao, mgongo kwangu. Nilimwambia awe anamsaidia bibi yake. Mtu mwenye akili timamu angesema kweli wakati ule. Mimi nilikwenda sokoni kununua shingo za kuku.

Nieleze hesabu yangu ilivyokuwa, mcheke. Niliona kwamba nikimlisha shihu juu msituni, mbali na mabanda, juu kidogo tu ya hekalu, hatashuka tena kwenye mabanda. Kuku wakiacha kufa, watu wataacha kusema. Watu wakiacha kusema, Bibi atapona. Yote yangenyooka bila mimi kufungua mdomo. Nilijiona mwerevu. Nilikuwa mtu anayemwagia moto mafuta polepole ili usishtuke.

Wiki hiyohiyo Pinyu aliniomba kamera mbovu. Nikamwambia achukue, hata sikuinua kichwa. Alifunga kifuniko cha betri kwa mipira ya kufungia mboga, akaijaribu, ikakubali. Ijumaa akaifunga kwenye mwanzi kando ya hekalu, ikitazama madhabahu na njia inayopanda. Nilikuwa nimewafundisha kwamba mtu akisema kitu kuhusu mnyama, unaweka kamera na kungoja. Alifanya alichofundishwa.

Jumatatu alichomeka kadi tano kama kawaida. Kisha akachomoa ya sita mfukoni, akasema ina vipande vinne, akarudi kukaa mahali pake.

Cha kwanza kilikuwa mbwa wa dukani.

Cha pili alikuwa Bibi Chung, Jumamosi alfajiri, bila ufagio. Alishika kikaratasi. Alikisoma, akaweka yai chini ya madhabahu, akawasha udi, akasimama. Kipande kikakatika. Cha tatu kikaanza pale udi ulipoisha: akasoma kikaratasi tena, akachukua yai, akalitia kikapuni, akatoa penseli akaweka alama. Akainama kutazama chini ya madhabahu kama kuna kitu amesahau. Akaondoka, akarudi, akatazama tena.

Bokai alikuwa anatazama viatu vyake.

Cha nne kilikuwa Jumamosi hiyohiyo, saa kumi na moja na dakika kumi na mbili jioni. Mtu alikuja kutoka upande wa chini akiwa amevaa koti la kijani la shule, lenye jina la shule mgongoni. Kofia ilifunika uso. Akageuka kutazama nyuma. Akatoa mfuko, akaweka shingo mbili za kuku juu ya jiwe, akatazama nyuma tena. Halafu, kabla ya kuondoka, akamgeukia Babu wa Ardhi, akaunganisha mikono na kuinama mara tatu.

Nilikuwa nimeisahau hiyo. Nilikuwa nimeinama. Nilimwibia mtunzaji wake jina, nikaweka chambo mlangoni kwake, halafu nikamsalimu kwa adabu.

Ukuta ukawa mweupe. Nilingoja mtoto mmoja ageuke. Hakugeuka hata mmoja. Pinyu akavuta karatasi, akaanza kuandika, na wenzake watano wakafuata, kwa sababu ndivyo tulivyofanya kila kipande kikiisha. Nilisikia penseli sita. Nilisikia saa ya ukutani. Walipomaliza wakaleta karatasi mezani, moja juu ya nyingine, wakatoka kwenda kula bila kusukumana.

Wahenga husema kwamba muungwana akivuliwa nguo huchutama. Nilitafuta pa kuchutama, darasa lote likawa wazi. Nikazisoma. Bokai, ambaye hajawahi kuandika mstari bila kichekesho, aliandika: "Binadamu. Mwanaume. Anaweka nyama. Anainama mara tatu." Wengine waliandika karibu hivyohivyo. Kwenye utambulisho watoto watano waliacha wazi. Pinyu peke yake alijaza: "Hajulikani."

Nilimkuta kwenye sinki akiosha bakuli lake.

"Umeandika hajulikani," nikamwambia. "Hukumjua?"

"Uso hauonekani, Mwalimu."

"Koti linaonekana."

"Koti si mtu." Aliendelea kuosha bakuli lililokuwa safi. "Bibi alishaona jana. Tulitazama kwa mjomba. Amesema nisiandike jina. Amesema huyo mtu ana mdomo wake."

Jioni nilikwenda kwao. Bibi Chung alikuwa uani, anapanga majani ya haradali kwenye mtungi na kuyanyunyizia chumvi. Kiti cha pili kilikuwa tayari, na kikombe. Nilikuwa nimetunga maneno njiani, yenye mwanzo na sababu, kuhusu shule na kufungwa kwake. Yalipotea. Nilisema kwamba ni mimi, tangu mwezi wa pili, na kwamba nilijua kila siku.

"Nilijua tangu jana," akasema. "Nilikuwa nataka kuona kama wewe unajua."

Akaendelea na majani. Nikamwambia nitarudisha ufagio wake, nitalipa kuku wa watu, nitasema mbele ya kamati. Akaniacha nimalize.

"Kuku huanguliwa. Ufagio utarudi, nao wataurudisha wakiwa wameinamisha macho, nitapenda. Lakini mwezi mzima nimekiogopa kichwa changu mwenyewe, Mwalimu. Nimelala nikijiuliza nimesahau nini, na nani atamlea mtoto huyu. Hicho utakirudishaje?"

Alinisubiri kwa heshima, kama mtu anayengoja mgeni atafute viatu vyake, kisha akasema basi, akaniagiza. Tarehe kumi na sita nitasema hekaluni, mbele ya watu wote, kabla udi haujaisha. Na si mara moja tu. Kila mwaka darasa jipya likifika, kabla sijawagusisha kamera, nitawaonyesha kile kipande na nitasimulia mwenyewe, na yeye atakuja kusikiliza kama sipunguzi.

Nilisema. Mzee Fan alitazama pembeni kwa niaba yangu, mke wake alikwenda kuutoa ufagio, na Bibi Chung aliupokea akaukagua nyuzi kwanza kama umeachwa kwenye mvua. Watu hawakunizomea. Walifunga kuku wao wa kuchemsha kwenye vitambaa, wakaondoka wakizungumza habari za mvua. Kombe lilirudi mjini. Nilimpigia Lo mwenyewe. Akasema pole, na pole yake ilikuwa ya kweli kama mkono wake. Mkuu Hsu aliniambia angenifukuza palepale kama angekuwepo mwalimu mwingine wa kukubali kupanda mlima huu. Shihu hakuonekana tena kwenye kamera zetu. Wengine wanasema alihama. Sijaona, kwa hiyo siandiki.

Karatasi ya Pinyu niliijaza mwenyewe. Pale alipoandika "hajulikani" nilipiga mstari, nikaandika jina langu lote kwa wino. Iko kwenye faili la darasa, kati ya mbwa wa dukani na fungo wa sikio.

Kwa hiyo kila mwezi wa tisa nawasha ukuta, nasimulia. Mwaka wa kwanza Bibi Chung alikaa kiti cha nyuma, kikapu mapajani, akanikatiza mara mbili: nilisahau kusema kwamba nilipewa chai ya kwanza, na kwamba niliimaliza. Mwaka wa pili hakunikatiza.

Mwaka huu Pinyu alimleta akiwa amemshika mkono. Pinyu yuko sekondari sasa, amenipita urefu. Alinivuta pembeni akaniambia kwamba Bibi ameanza kusahau, safari hii kweli, hospitali wamethibitisha, na ufagio anaushika Pinyu mwenyewe kila akirudi kutoka shule. Lakini tarehe ya kuja hapa Bibi ameikumbuka, au miguu yake imeikumbuka.

Nilisimulia mbele ya watoto watano wapya. Sikupunguza kitu. Bibi Chung alisikiliza amejiinamia mbele, na kile kipande cha yai na kikaratasi kilipopita ukutani alitikisa kichwa kwa huruma. Nilipomaliza nikauliza watoto kama wana swali. Yeye akanyoosha mkono, kama wao.

"Maskini huyo bibi," akasema. "Alisamehe?"

Pinyu alinitazama. Angeweza kunisaidia; hakunisaidia, na alikuwa na haki.

"Hakusema, Bibi," nikajibu.

"Na huyo mwalimu, bado anafundisha watoto?"

"Bado, Bibi."

"Hana haya?"

"Anayo," nikasema.

Akafikiri kidogo. Kisha akaniambia niandike hiyo pia, nisije nikasahau.